NYUMBA HAIWEKWI REHANI BILA SHAURI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Waislamu wa Mutanga Nord, Bujumbura)

Bismillahi Rahmani Rahim.



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, napenda kusema nanyi juu ya mzee kuiweka nyumba yake rehani. Aghlabu nyumba ndiyo mali pekee aliyoichuma kwa umri wake wote. Nguvu zikipungua na haja zikizidi, za matibabu au karo ya wajukuu, hati ya kiwanja iliyomo sandukuni huanza kumshawishi.

Rehani yenyewe si haramu. Kurani imeitaja katika Sura ya Al-Baqara, baada ya amri ya kuandika deni na kuweka mashahidi, na Mtume wetu (S.A.W.) alifariki hali deraya yake i rehani kwa Myahudi mmoja, kwa shayiri aliyoichukua kwa ajili ya watu wa nyumbani mwake. Lililo haramu ni riba, na lililo hatari ni kutia sahihi pasipo kujua.

Tutazame yaliyowapata wenzetu wa Unguja na Pemba. Wenye mashamba ya karafuu walikopa kwa njia iliyoitwa bei khiyari. Mkopaji aliandika hati kana kwamba ameuza shamba, akabaki humo kwa kulipa kodi, na muda ukipita bila kurudisha fedha, shamba limekwenda. Jina lilikuwa bei, lakini kodi ile ndiyo iliyokuwa faida ya mkopo. Madeni yalizidi hata mwaka 1934 serikali ikalazimika kutunga sheria za kuahirisha malipo na kuzuia mashamba yasihamishwe. Basi tusidanganywe na majina, tuitazame hesabu.

Na hesabu ni hii. Mathalan mtu akopa faranga 10,000,000 kwa faida ya 15 kwa mia kila mwaka, asilipe kitu, na faida ikaongezwa juu ya deni. Baada ya miaka 5 adaiwa zaidi ya faranga 20,000,000. Tena kuna ujira wa mthamini, wa notari, na wa kuandikisha rehani. Hayo yote hutoka katika fedha zile zile.

Huko Marekani kuna mkopo wa wazee wenye miaka 62 na zaidi, ambao haulipwi mpaka mwenye nyumba afe, auze au ahame. Katika mkopo huo unaodhaminiwa na serikali, sheria yataka mzee aonane kwanza na mshauri asiyekuwa mtu wa mkopeshaji. Mkopo wao una riba, wala hatuuigi. Lakini sharti lile la shauri ni hekima, nayo Kurani imekwisha kuwasifu waumini ambao mambo yao ni kwa kushauriana.

Basi, mzee wangu, kabla hujatia sahihi, nenda kwa watu watatu. Mwendee mwanachuoni, akuambie kama mkataba una riba. Mwendee notari au wakili usiyeletewa na mkopeshaji, akusomee kila sharti kwa lugha uifahamuyo. Kisha keti na mkeo na wanao, uwaulize: Nikifa, mama yenu atakaa wapi? Kwani deni hutangulia mirathi, na warithi hawagawani ila kilichosalia.

Tena ulizia njia nyingine: kupangisha vyumba vya uani, kuuza na kununua nyumba ndogo, au kuwaeleza watoto shida yako waziwazi. Wazee wengi huona haya kuwaambia watoto wao, wakaenda kumwambia mgeni. Na ninyi vijana, msingoje mpaka baba aitie nyumba rehani ndipo mjue kwamba alikuwa na haja.

Mwenyezi Mungu atulinde na deni lenye kuelemea, na azihifadhi nyumba zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.