Titi Moja Likitangulia Kushuka: Miezi ya Kwanza Baada ya Upasuaji wa Kuongeza Matiti

Mwaka 1895, mjini Heidelberg, Ujerumani, daktari Vincenz Czerny alimtoa mwimbaji mmoja uvimbe katika titi. Kazi ilikwenda vizuri, lakini titi lile lingebaki limebonyea huku la pili likiwa limejaa, na mwenyewe alikuwa mtu wa jukwaani. Bahati ni kwamba mgonjwa huyo alikuwa pia na uvimbe wa mafuta usio na madhara karibu na kiuno. Czerny akautoa, akaupandikiza pale palipobaki pengo. Waandishi wa historia ya upasuaji hulihesabu tukio hilo kuwa miongoni mwa majaribio ya mwanzo kabisa ya kujaza titi. Shida iliyomsukuma daktari ni ileile inayojadiliwa katika makala hii: matiti mawili yasiyolingana.

Leo nyenzo zimebadilika, lakini hofu ya mwanamke mbele ya kioo ni ileile. Chukua wiki ya tatu baada ya upasuaji. Bandeji zimeondolewa, maumivu yamepungua, ameanza kunyanyua mkono kuchana nywele. Anapotazama anaona titi la kushoto limeanza kushuka na kulainika, la kulia bado limekaa juu, gumu, ngozi imevutika hadi inang'aa. Sindiria inamkaa upande mmoja tu. Anapiga picha kwa simu, anaikuza, anailinganisha na picha za wengine, na usiku haupiti kabla hajaamini kwamba daktari ameharibu.

Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Kipandikizi, yaani kifuko kinachojaza titi, huwekwa ama juu ya msuli mkubwa wa kifua, nyuma ya tezi za titi, ama chini ya msuli huo. Njia inayopendwa na madaktari wengi hufunika sehemu ya juu ya kipandikizi kwa msuli na kuiacha sehemu ya chini nyuma ya tezi. Msuli uliokatwa na kuinuliwa hukakamaa, hubana, na kukisukuma kipandikizi juu. Uvimbe nao huongeza ugumu. Ndiyo maana wiki za mwanzo matiti huonekana yamepanda kifuani na kujaa upande wa juu kupita kiasi. Kadiri uvimbe unavyopungua, msuli unavyolegea na ngozi ya chini inavyotanuka, kipandikizi hushuka polepole mpaka mahali pake. Kwa kawaida safari hiyo huchukua miezi mitatu hadi sita, na kwa wengine huzidi hapo.

Pande mbili hazishuki kwa mwendo mmoja. Mkono unaotumika zaidi hujenga msuli mnene zaidi upande wake, na msuli wa namna hiyo unaweza kukawia kulegea. Upande mmoja unaweza kuwa umevuja damu kidogo zaidi wakati wa upasuaji, au ngozi yake ni ngumu kutanuka. Ni kama jozi ya viatu vipya: mguu mmoja huzoea mapema, wa pili ukaendelea kubanwa kwa siku kadhaa, ingawa viatu vimetoka kiwanda kimoja.

Kuna jambo jingine ambalo wagonjwa huambiwa mara chache, nalo ni zito zaidi. Matiti hayakuwa sawa tangu awali. Rod Rohrich na wenzake wa Dallas, Marekani, walichapisha mwaka 2003 uchunguzi wa wanawake 100 waliofika kuongeza matiti, wakakuta 88 kati yao walikuwa na tofauti fulani ya matiti au ya ukuta wa kifua kabla ya kisu kugusa ngozi. Chuchu moja iko chini kidogo, mbavu za upande mmoja zimejitokeza, uti wa mgongo umepinda. Titi dogo huficha mambo hayo, na kipandikizi huyaweka wazi.

Daktari makini huanza na futi ya kamba. Humpima mwanamke akiwa amesimama, toka kibonyeo cha chini ya shingo hadi kwenye chuchu, kisha toka kwenye chuchu hadi kwenye mkunjo wa chini ya titi, kushoto na kulia, na kuchora alama kwa kalamu kabla mgonjwa hajalala, kwa kuwa akilala kila kitu huhama. Katikati ya upasuaji, vipandikizi vikiwa ndani, meza huinuliwa ili mgonjwa aliye usingizini awe kama ameketi, na daktari arudi nyuma hatua mbili kutazama. Wengine huweka ukubwa tofauti kila upande, kwa mfano mililita 300 na 325. Vipimo hivyo vinapaswa kuonyeshwa mwenye mwili, avione kwa macho yake, kabla hajatia saini.

Wapasuaji wa zamani walidhani wangeweza kulazimisha kipandikizi kitulie. Thomas Cronin na Frank Gerow, waliopandikiza silikoni kwa mara ya kwanza mjini Houston mwaka 1962, walitumia vifuko vyenye viraka vya kitambaa cha Dacron mgongoni ili vinate kwenye ukuta wa kifua. Viraka hivyo havikusaidia kama ilivyotarajiwa na vikaja kuachwa. Mwili una njia yake: hujenga utando wa kovu kuzunguka kitu chochote kigeni, na utando huo ndio unaoamua kipandikizi kitakaa wapi.

Hapo ndipo kutolingana kunapoweza kuwa ugonjwa. Utando ukikaza upande mmoja, titi hupanda, huwa gumu na hatimaye huuma. Madaktari hutumia ngazi nne za Baker: ya kwanza titi ni laini, ya nne ni gumu, limeharibika umbo na linauma. Kinyume chake, sehemu ya chini ikilegea kupita kiasi, kipandikizi huteremka chini ya mkunjo na chuchu hutazama juu. Tofauti na kushuka kwa kawaida, hali hizi hazitengenei kwa kungoja, huzidi.

Yako mambo ambayo hayangoji hata asubuhi. Titi moja likivimba ghafla, likawa gumu na kuuma katika siku za mwanzo, huenda damu imevilia ndani. Homa, wekundu na majimaji kwenye mshono ni dalili za maambukizi. Na titi linalovimba miaka mingi baadaye, wakati kila kitu kilikuwa kimetulia, lazima lichunguzwe majimaji yake, kwani ipo saratani adimu ya chembe za limfu inayohusishwa na vipandikizi vyenye ngozi ya kukwaruza. Kwa sababu hiyo kampuni ya Allergan iliondoa sokoni vipandikizi vyake vya BIOCELL mwezi Julai 2019, kwa ombi la mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA.

Kwa tofauti isiyo na dalili hizo, ushauri ni subira yenye usimamizi: picha zinazopigwa kwa umbali uleule na mwanga uleule, mikono chini kisha mikono juu; mkanda wa kifuani au kukanda titi, kwa maelekezo ya daktari peke yake. Kurudia upasuaji mapema ni kukata tishu ambazo bado zinahama.

Subira hiyo inahitaji mtu wa kuisimamia, na hapa ndipo penye tatizo kubwa kwa wanawake wa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa wanaosafiri kwenda Uturuki, India au Dubai. Anayerudi nyumbani siku chache baada ya kisu anaiacha miezi yote ya kushuka kwa matiti bila jicho la daktari. Makala hii inapendekeza kwamba asilipe nauli kabla hajampata daktari wa upasuaji rekebishi nyumbani aliyekubali kumwona wiki ya sita, mwezi wa tatu na mwezi wa sita, na kwamba gharama za ziara hizo ziingizwe katika bajeti pamoja na tiketi. Aweke pia akiba ya upasuaji wa pili. FDA ilieleza mwaka 2011 kwamba mwanamke mmoja kati ya watano waliojiongezea matiti huenda akalazimika kuvitoa vipandikizi ndani ya miaka 10.

Arudi pia na kadi ya vipandikizi yenye jina la kampuni, ukubwa na namba ya kila kimoja, kushoto na kulia. Kampuni ya Kifaransa ya PIP ilipogunduliwa mwaka 2010 kuwa inatumia silikoni ya viwandani isiyoidhinishwa kwa tiba, vipandikizi vyake vilikuwa vimekwisha kuuzwa katika nchi nyingi, na swali la kwanza kwa kila mwanamke lilikuwa ni aina gani aliyowekewa. Daktari wa nyumbani atakayemwona na titi moja lililopanda ataanza na swali hilohilo.