Nani Anayeupanga Mji Huu?

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, ukumbi wa Tononoka, Mombasa

Nimeambiwa niseme kwa nusu saa. Wanaonijua wameshaanza kucheka.

Leo sitasema juu ya mshahara. Nitasema juu ya fedha zinazotoka katika mshahara kabla hazijafika kwa mke na watoto, yaani kodi ya nyumba na nauli. Tunabishana na tajiri miezi minane tupate nyongeza. Tunaipata, na mwezi wa tatu mwenye nyumba amekuja kuichukua. Mwanachama mmoja aliniambia, "Bwana, mimi nalipa ada ya chama, lakini anayepata faida ni mwenye nyumba wangu." Nilikosa la kumjibu, na ndiyo sababu nikaanza kuuliza: ni nani aliyeamua kwamba nyumba ya karibu na kazi iwe ghali, na ile iliyo rahisi iwe ng'ambo ya kivuko au huko mbele ya Makupa? Jambo hili halikutoka mbinguni pamoja na mvua. Liliamuliwa na watu walioketi mezani, na karatasi mbele yao.

Nataka tuwatazame watu wa meza hiyo, hasa wale wa chama cha wafanyi biashara. Sisemi hivi kwa kuwachukia. Nasema kwa sababu wao pia ni chama kama sisi. Wana wanachama, wana ada, wana mwenye kiti na katibu. Tofauti ni kwamba chama chao kimejua tangu zamani jambo ambalo sisi tumechelewa kulijua: bei ya kazi ni nusu ya habari, na nusu ya pili ni mji wenyewe umepangwaje.

Turudi nyuma kidogo. Mji wetu ulikuwa pale Ngomeni na Ndia Kuu, na jahazi zikitia nanga Bandari ya Kale. Walipokuja Waingereza, macho yao yalikwenda upande wa pili wa kisiwa, Kilindini, kwenye maji ya kina. Kati ya pande hizi mbili mlikuwa na troli, vigari vilivyokwenda juu ya reli nyembamba, na waliovisukuma ni watu. Bwana amekaa juu chini ya kitambaa cha kivuli, na mfanyi kazi yuko nyuma anasukuma. Mnaweza kusema kwamba huo ndio mpango wa kwanza wa usafiri wa Mombasa.

Mwaka 1926 gati za kwanza za maji ya kina zilifunguliwa Kilindini, na mwaka huohuo ukatolewa mpango wa kuupanga mji wa kisiwani, barabara zake na viwanja vyake. Wakati ule wafanyi biashara Wazungu walikuwa na Chemba yao ya Biashara, na wafanyi biashara Wahindi walikuwa na vyama vyao. Kazi yao ilikuwa kuandika barua na kupeleka wajumbe: juu ya ushuru wa bandari, juu ya nauli ya reli, juu ya magodauni. Kulipoundwa mabaraza ya kuishauri Serikali juu ya bandari, watu wa biashara walikuwamo. Kulipokuwa na Bodi ya Manispaa, Wazungu na Wahindi walikuwa na viti. Kuli aliyebeba magunia ya kahawa hakuwa na kiti hata cha kigoda.

Matokeo yake mliyaona ninyi na baba zenu. Njia ya shehena kutoka meli hadi godauni hadi reli ilipangwa vizuri kabisa. Yule mtu wa kuipakua shehena akaachiwa ajitafutie mwenyewe. Akaenda Majengo, akapanga chumba katika nyumba ya udongo na makuti, na hata mwenye nyumba hiyo hakuwa na ardhi, bali alimlipa kodi ya ardhi mtu mwingine. Jambo hili la nyumba yako juu ya ardhi ya mwenzio bado liko pwani mpaka leo, na wengi wenu mnalijua kwa uchungu.

Tena kulikuwa na sheria iliyomtaka tajiri ampe mfanyi kazi wake nyumba au fedha ya nyumba. Lakini kibarua, mtu wa kazi ya kutwa, hakuhesabiwa. Na bandari ilikuwa ikiendeshwa na vibarua. Basi tajiri alipata mtu asubuhi na kumwacha jioni, na usiku mtu huyo alilala wapi halikuwa neno lake.

Nani alilifanya liwe neno lake? Wafanyi kazi wenyewe. Katika mwezi wa Julai 1939 watu wa kazi za Serikali waligoma wakitaka fedha ya nyumba, na mgomo ukaenea mpaka bandarini. Serikali ikaweka tume, Tume ya Willan, na ndipo mabwana walipoanza kuandika kwa wino yale ambayo kila mtu wa Majengo aliyajua kwa ngozi yake. Mwezi wa Januari 1947 ukaja mgomo mkubwa wa mji mzima, watu elfu kumi na zaidi, siku kumi na mbili. Walikutana kwenye kiwanja cha mpira kule Majengo, wakakiita Kiwanja cha Maskini. Chege Kibachia akasimama kuwaongoza, na kabla mwaka haujaisha alikwisha kukamatwa na kupelekwa mbali. Nawaambia vijana habari hii kwa sababu moja. Nyumba za Serikali zilizojengwa baadaye katika mji huu hazikujengwa kwa huruma. Matajiri na Serikali waliogopa kwamba mji wa watu wasio na mahali pa kulala hauwezi kupakua meli.

Sasa tuje kwetu leo. Baada ya Uhuru, mwaka 1965, chemba za Wazungu, Wahindi na Waafrika ziliunganishwa kuwa chama kimoja cha biashara cha taifa, na kina tawi lake hapa. Wako pia wenye malori, wenye mahoteli na mawakala wa kutoa mizigo, kila mmoja na chama chake. Watu hawa wana haki ya kusema. Na kuna siku waliposema tukafaidi sote.

Mnakumbuka habari ya makontena. Reli mpya ilipoanza kuchukua mizigo mwaka 1918 — samahani, Mwenye Kiti, 2018, uzee huu — ikaja amri kwamba mizigo ipandishwe reli, na mwaka 2019 amri ikatolewa tena kwa nguvu zaidi. Malori yakasimama. Dereva akasimama, turniboi akasimama, mama wa mahamri kando ya barabara akasimama, na karani wa ofisi ya kutoa mizigo katikati ya mji akaambiwa apumzike. Watu wakaandamana kila Jumatatu. Lakini maandamano peke yake hayakutosha. Chama cha wenye malori kilikwenda Mahakama Kuu hapa Mombasa, na wananchi wengine nao walishtaki, kesi zikaunganishwa. Mwezi wa Novemba 2020 majaji wakasema amri ile ilikwenda kinyume cha Katiba, na mojawapo ya sababu ni kwamba wananchi hawakuulizwa. Mwezi wa Septemba 2022 Rais mpya, siku ya kuapishwa kwake, akatangaza kwamba kazi ya kutoa mizigo inarudi Mombasa.

Siku ile tulipiga vigelegele pamoja na matajiri, na ilikuwa haki tupige. Lakini nilijiuliza neno moja. Mzigo umerudi. Je, kuna aliyekwenda mezani kusema dereva alale wapi, na msukuma mkokoteni wa Marikiti apite wapi? Mwenye lori alipigania lori lake, na silaumu. Asokuwapo na lake halipo.

Chukueni mfano wa pili, Buxton. Zile nyumba za tangu ukoloni, zaidi ya 500, zilianza kubomolewa mwaka 2021 ili zijengwe karibu 1,900, kwa ubia wa Kaunti na kampuni ya watu binafsi. Wapangaji walipewa fedha za kupanga kwingine, na ahadi ya kuwa wa kwanza kununua. Mimi sikuzipenda nyumba za kale za Buxton. Paa zilivuja na mabomba yalioza. Nyumba mpya ni kitu kizuri. Ila "wa kwanza kununua" ni maneno yanayomfaa mwenye hati ya mshahara ya kupeleka benki. Kibarua wa leo ataipeleka nini? Na nyumba ikishakuwa ya kuuzwa, ile kodi nafuu ya zamani imekwisha kuzikwa, na mitaa mingine ya zamani imo katika orodha.

Na Mji wa Kale? Tangu 1990 umelindwa kwa sheria. Milango ya kuchonga inalindwa, na roshani pia. Mwenye kutaka kubadili sura ya nyumba lazima aombe ruhusa. Ni vizuri, watoto wetu wauone. Lakini kodi ya mpangaji aliye ndani ya roshani hiyo haina mlinzi. Mwaka 2018 tuliona pia amri ya kupaka majumba ya mjini rangi nyeupe na buluu. Wapaka rangi walipata kazi, namshukuru Mungu. Kwa wapangaji wengine, ndugu zangu, sitashangaa mkiniambia bei ya debe la rangi mliiona katika kodi.

Nitawaeleza kosa langu mwenyewe. Mwaka mmoja niliitwa katika mkutano wa kutoa maoni juu ya mpango wa mji. Ulikuwa siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, katika hoteli. Fikirini ni mfanyi kazi gani anayepatikana saa nne ya Jumatano. Kitabu cha mpango kilikuwa kinene, chote Kiingereza, na nilikipata mlangoni. Nilisimama nikasema kwa hasira juu ya kodi na nauli, watu wakapiga makofi, nikakaa nimeridhika. Mjumbe wa chama kimoja cha biashara alisema dakika tatu tu, sauti ya chini, halafu akampa karani karatasi sita zilizopigwa chapa: barabara ipi, maegesho wapi, wachuuzi waondolewe mahali gani, na hesabu yake. Ripoti ilipotoka, maneno yake yalikuwamo karibu yote. Yangu yalikuwa mstari mmoja: "Washiriki walitaja suala la makazi."

Sikuonewa. Nilikwenda na mdomo, mwenzangu alikwenda na karatasi.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye kazi. Sheria ya Miji ya 2011 inasema juu ya bodi za miji, na inataja watakaopendekeza wajumbe: vyama vya wataalamu, chama cha wafanyi biashara binafsi, vyama vya watu wa jua kali, jumuiya za wakaaji wa mitaa. Chama cha wafanyi kazi hakikutajwa kwa jina. Basi huko tupitie kwa wenzetu wa mitaa na wa jua kali, ambao wengi ni wake zetu na ndugu zetu. Lakini Sheria ya Fedha za Umma ya 2012 inaweka katika kila kaunti Baraza la Bajeti na Uchumi, chini ya Gavana, la kushauriana juu ya mipango na makisio ya fedha. Humo imeandikwa wazi kwamba pawe na wajumbe wa wataalamu, wa biashara, wa mambo ya wafanyi kazi, wa wanawake, wa walemavu, wa wazee na wa dini. Neno la wafanyi kazi limo. Kiti hicho ni chetu kwa sheria.

Nawauliza, na sitaki aibu: nani hapa anaweza kunitajia jina la aliyekalia kiti hicho kwa niaba yetu? Naona kimya.

Tena kuna tarehe. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, karatasi ya mwelekeo wa fedha kabla ya mwisho wa Februari, na makisio yenyewe kabla ya mwisho wa Aprili. Anayekwenda kulalamika mwezi wa Juni amekwenda mazishini.

Ombi langu kwa halmashauri ni hili. Kwanza, iandikwe barua kwa Kaunti kuuliza mjumbe wetu ni nani na alichaguliwaje. Pili, tuwe na karatasi yetu wenyewe. Karani wa tawi ana fomu pale mlangoni. Hazitaki jina. Zinataka mtaa unaolala, kodi ya chumba, saa unayotoka nyumbani, na nauli ya kwenda na kurudi. Mwenye nyumba ya Majengo juu ya ardhi ya mtu aandike na kodi ya ardhi. Asiyejua kuandika amwambie karani, ataandikiwa. Tukipata fomu mia tano, nitakaa na vijana wawili wenye kujua hesabu, tupige chapa karatasi sita. Ikiwa saba, si vibaya.

Ndugu Mwenye Kiti, naona mzee kule nyuma ameinua mkono tangu nilipoitaja Buxton. Nakaa, naomba apewe nafasi.