Shibe ya Tumbo Si Afya ya Mtoto

Wazazi wengi wamwonapo mtoto mwenye mashavu ya mviringo na tumbo lililojaa husema, "Huyu ameshiba." Wamwonapo mwembamba husema, "Huyu ana njaa." Maneno hayo yana ukweli, lakini hayatoshi. Wahenga walisema: Nyumba njema si mlango. Katika Kaunti za Migori na Homa Bay, kama katika sehemu nyingine zenye watu wa mapato madogo, mtoto aliyekonda na mtoto mnene waweza kutoka katika kijiji kimoja, na shida yao ikawa na asili moja: chakula kisichotimia.

Jambo hili ni la kustaajabisha, kwa maana nchi hiyo haikunyimwa chakula. Ziwa Viktoria hutoa omena na ngege. Mashamba hutoa mtama, wimbi, karanga na viazi vitamu. Mnavu, mgagani na kunde hustawi huko. Lakini omena wengi huuzwa, na sehemu kubwa husagwa kuwa chakula cha kuku. Huko Migori mashamba mengine hupandwa miwa na tumbaku. Fedha zipatikanazo huwa chache, na hizo chache zikinunua mandazi, biskuti na soda, mtoto hushiba sukari na mafuta, lakini hukosa vitu vya kujenga mwili.

Uchunguzi wa Idadi ya Watu na Afya uliofanywa Kenya mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miaka 5, watoto 18 walikuwa wafupi kuliko ilivyopasa umri wao, 5 walikuwa wamekonda, na 3 walikuwa na uzito uliozidi. Mwaka 2014 wafupi walikuwa 26, basi maendeleo yapo. Lakini mtoto mmoja aweza kuhesabiwa mara mbili, kwa kuwa mfupi na mzito pamoja. Kwa hiyo mizani peke yake haitoshi. Yafaa urefu nao upimwe.

Kuna unene mwingine ulio wa hatari zaidi. Mwaka 1935 Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana, aliwajulisha waganga wa ulimwengu jina la kwashiakoo, neno la Waga, maana yake ugonjwa umpatao mtoto mkubwa azaliwapo mdogo wake. Mtoto huyo huvimba miguu na uso, hata jirani wakasifu unene wake, kumbe ni maji. Mama akibonyeza mguu kwa kidole gumba, shimo likabaki, na miguu yote miwili ikawa hivyo, ampeleke mtoto hospitali siku ile ile. Kadhalika mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, ambaye mzingo wa mkono wake wa juu haufiki sentimita 11.5, ahitaji matibabu pasipo kukawia.

Kinga yake yajulikana. Kwa miezi 6 ya kwanza mtoto apewe maziwa ya mama tu, bila maji wala uji. Baadaye aendelee kunyonya hata atimize miaka 2 au zaidi, huku akilishwa uji mzito uliotiwa omena waliosagwa au karanga, pamoja na mboga, matunda, na yai lipatikanapo. Soda na chai ya sukari si chakula cha mtoto. Kimo kilichopotea katika miaka hiyo 2 ni shida kukirudisha, na akili nayo hudhurika.

Kazi hii si ya mama peke yake. Baba mvuvi naye ana sehemu yake: kabla omena hawajapelekwa sokoni, kibaba kimoja kibaki nyumbani kwa ajili ya mtoto.