Tuikague Kabureta Kabla ya Kumshuku Mtu



Dominika hii tungependa kuzungumza juu ya chombo ambacho wengi wenu mmekiacha nje, chini ya mti, mlipoingia ndani kufungua redio. Chombo hicho ni pikipiki, na hasa ile iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine, ikanunuliwa kwa fedha ya pamba au kwa thamani ya ng'ombe aliyeuzwa mnadani. Hapa Bariadi, na katika mkoa mzima wa Simiyu tangu Busega kwenye Ziwa Viktoria hadi Meatu, pikipiki ndiyo inayomfikisha katekista kwenye vigango vyake, mgonjwa kwenye zahanati, na mahindi kwenye mashine ya kusaga. Ikigoma njiani, mambo mengi hugoma pamoja nayo.

Tuweke mfano mmoja mbele yetu. Parokia imemkabidhi katekista pikipiki iliyotumika, na baraza limekubaliana kumpimia petroli ya majuma mawili. Mwanzoni petroli inatosha. Baada ya miezi michache inaisha kwa juma moja tu. Hakuna anayemwuliza katekista ana kwa ana, lakini maneno yanatembea: wengine wanasema anabeba abiria jioni, na wengine kwamba mkewe anauza petroli kwa chupa. Mambo kama hayo hutokea pia kwa kijana aliyepewa pikipiki ya mkataba, anayepaswa kumpelekea mwenye chombo hesabu yake kila siku. Chombo kikianza kula mafuta, mwenye mali humtazama kijana kwa jicho la upande, na kijana naye huona anaonewa.

Hatusemi kwamba wizi haupo. Twajua upo. Lakini twajua pia kwamba ndani ya kabureta kuna vitundu vyembamba mno, na kwamba kitundu kimoja kikipanuka kidogo tu, pikipiki hunywa petroli kupita kiasi hata mikononi mwa mtu mwaminifu kuliko wote. Amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo, na mnong'ono wa nyuma ya kanisa ni ushuhuda, hata kama hakuna aliyeapa. Kwa hiyo yatupasa kuifuata kwanza njia ya mafuta, tangu tangi mpaka injini, hatua kwa hatua. Kazi hiyo haihitaji elimu kubwa. Yahitaji saa moja ya mchana, spana chache, bisibisi, chupa safi inayopitisha mwanga, na subira.

Tuanzie kwenye tangi. Fungua mfuniko, utazame ndani kwa mwanga wa jua au kwa tochi. Kamwe usiwashe kiberiti, hata kidogo. Pikipiki iliyokaa muda mrefu bila kutumiwa, tangi likiwa na mafuta nusu, aghalabu huwa na kutu, kwani umande hujikusanya kwenye bati lisilofunikwa na mafuta. Ukiona magamba mekundu, umekwisha kumpata adui mmoja. Tangi hilo lishushwe, limwagwe, lisukwesukwe kwa petroli kidogo pamoja na changarawe safi, lisuuzwe mpaka lisitoe uchafu, kisha lianikwe likauke kabisa. Changarawe zihesabiwe zikiingia na zikitoka. Wako waliosahau moja ndani, nayo ikawasumbua kuliko kutu yenyewe.

Baada ya hapo chomoa mpira wa mafuta pale unapoingia kwenye kabureta, uelekeze mdomo wake ndani ya chupa yako, ufungue koki. Petroli yapasa kutoka mfululizo. Ikitoka kwa nguvu kisha ikafifia na kuwa matone, fungua mfuniko wa tangi. Je, imerudi kutiririka? Basi kosa liko kwenye mfuniko: una kitundu cha kuingizia hewa, nacho kimezibwa na vumbi. Huku kwetu, ambako kiangazi ni vumbi na masika ni tope jeusi la mbugani, ugonjwa huu ni wa kawaida. Pikipiki hukimbia vizuri kilomita chache, huzimika, hupumzika, huwaka tena, na mwenyewe husema injini imechoka. Dawa yake ni maji ya sabuni na unywele wa mswaki. Lakini petroli ikiendelea kuwa matone hata mfuniko ukiwa wazi, basi koki yenyewe au chujio lake ndilo lililoziba.

Koki za pikipiki nyingi hazihitaji mkono wa wakala wala mwanga wa pekee kuzisoma: kuna mahali pa kufunga, mahali pa kufungua, na mahali pa akiba. Mara ngapi tumemwona mtu akisukuma pikipiki kwenye jua la saa saba, na kumbe akiba ilikuwa bado imo, haikufunguliwa!

Sasa iangalie ile petroli iliyo chupani. Iache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo yatashuka na kujikusanya chini, na utaona mpaka kati ya viwili hivyo, au viputo vya maji vikiviringika ukiinamisha chupa. Tone dogo la maji likikaa penye kitundu cha kabureta latosha kuizimisha pikipiki. Nalo hutoka wapi? Mara nyingine hutoka kwenye mvua iliyopenya mfunikoni. Mara nyingi zaidi hutoka kwenye chupa ya kando ya barabara, iliyosuuzwa na kujazwa petroli kabla haijakauka. Hatuwalaumu wauzao kwa chupa, maana katika vijiji vilivyo mbali na kituo cha mafuta bila wao safari zisingekuwapo. Twawasihi mambo mawili tu: chupa ikauke, na isikae juani. Petroli iliyokaa juani majuma mengi hupoteza sehemu yake nyepesi inayoshika moto upesi, hubadilika harufu, na huacha utando wa kunata ndani ya kabureta.

Jambo la kuchanganya mafuta ya taa na petroli ni zito kuliko hilo, kwani hapo mtu anakusudia. Watanzania hatujasahau miaka ambayo neno kuchakachua lilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Mwaka 2010 EWURA ilianza kutia vinasaba kwenye mafuta ili yaliyochanganywa yatambulike, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuyachanganya ipungue. Vinasaba hupimwa kwa vyombo vya wakaguzi. Chupa ya kijijini hupimwa na dhamiri ya aliyeijaza. Hata hivyo mnunuzi anaweza kudondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe: petroli safi huruka upesi, mafuta ya taa huacha doa la mafuta linalokawia. Kipimo hicho si cha mahakamani. Kinatosha tu kumfanya mtu anunue mahali pengine.

Tumefika kwenye kabureta, na hapa tuende polepole. Chini yake kuna bakuli dogo lenye skrubu ya kumwagia. Ifungue, uyakinge yanayotoka katika chombo, uyatazame. Mchanga, kutu au maji vitaonekana hapohapo, na pengine shida itakwisha bila kufungua kitu kingine. Ndani ya bakuli mna boya linalopanda na kushuka pamoja na mafuta na kuisukuma sindano ifunge mlango wa mafuta. Sindano ikikwama kwa uchafu au ikilika ncha, petroli humwagika nje kupitia kimpira cha chini, au, vibaya zaidi, huteremka mpaka ndani ya injini. Oili ikiongezeka kimo nawe hukuiongeza, na ikinuka petroli, usiwashe pikipiki hiyo mpaka sindano irekebishwe na oili ibadilishwe. Boya nalo litikise karibu na sikio. Ukisikia mafuta ndani yake, limetoboka, haliwezi tena kuelea.

Halafu kuna vile vipande vidogo vya shaba vyenye kitundu katikati, ambavyo mafundi huviita jeti. Vielekeze kwenye mwanga, utazame kama kitundu kinaonyesha duara safi. Kikiziba, kiloweke katika petroli na kipulizwe kwa upepo wa pampu. Kisichokolewe kwa waya. Tunarudia: kisichokolewe kwa waya. Shaba ni laini, chuma cha waya ni kigumu, na fundi mwenye haraka akiingiza uzi wa waya wa breki, pikipiki itawaka palepale na mwenyewe atamshukuru. Lakini kitundu kimeshapanuka, na tangu siku ile petroli ya majuma mawili itaanza kuisha kwa juma moja. Fundi amelipwa na kwenda zake. Anayebaki kuitwa mwizi ni katekista.

Pia kuna skrubu ya kurekebisha mchanganyiko ubavuni mwa kabureta. Kabla ya kuitoa, ikaze taratibu mpaka ifike mwisho huku ukihesabu mizunguko, uandike hesabu hiyo, ili ukiirudisha uirudishe ilipokuwa.

Mafuta hayaungui bila hewa. Chujio la hewa lililojaa vumbi hufanya kama jeti iliyopanuka: mafuta yanakuwa mengi kuliko hewa, moshi mweusi unatoka, na plagi ikifunguliwa ni nyeusi yenye masizi makavu. Choki isiyorudishwa baada ya kuwasha asubuhi huleta matokeo yaleyale. Kinyume chake, mpira unaounganisha kabureta na injini ukipasuka, hewa ya ziada huingia, injini hupiga kelele yenyewe bila kuongezewa mafuta, na plagi huwa nyeupe. Plagi yenye rangi ya kahawia hafifu ni shahidi kwamba mambo yako sawa. Pikipiki mpya zisizo na kabureta, ambazo mafuta hupuliziwa ndani kwa pampu na umeme, zina utaratibu wake mwingine, na fundi wake ni yule mwenye kifaa cha kuzipimia.

Kazi yote hii ifanyike nje, injini ikiwa imepoa, mbali na jiko, sigara na watoto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kwa chini mpaka uukute moto. Tarehe 10 Agosti 2019, eneo la Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, miongoni mwao vijana wa bodaboda, na moto ulipolipuka zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Wala petroli isivutwe kwa mdomo kwa mpira. Ikimpalia mtu na kuingia mapafuni inaweza kumwua. Aliyeimeza asitapishwe, akimbizwe zahanati.

Neno moja kwa wanunuzi na wauzaji. Msukuma akienda mnadani kununua dume la kulimia, hulitazama meno, hulizunguka, hulipitisha likitembea, na hata akikubaliana bei bado humwuliza mwenzake. Lakini pikipiki yenye bei ya madume kadhaa huinunua kwa kupiga kiki mara moja! Gusa injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, muuzaji ameiamsha kabla hujafika, basi subiri ipoe. Omba tangi lifunguliwe. Omba bakuli la kabureta limwagwe mbele yako. Nawe unayeuza, ukijua koki inavuja au jeti ilichokolewa, useme, na bei ishuke kwa kadiri ya ubovu. Fedha unayoipata kwa kunyamaza ni ya jirani yako, na amri ya saba haibagui kati ya kuiba gizani na kuiba kwa kunyamaza mchana.

Turudi kwa katekista wetu. Baraza lisimwite kikaoni kabla ya kupima. Mjumbe mmoja na katekista mwenyewe waende Bariadi mjini, kwenye kituo, wajaze tangi mpaka alama waliyoikubali wote wawili, pikipiki ikiwa imesimama wima. Kisha waende mpaka Lamadi kwa barabara ya lami, takribani kilomita 72, kwa mwendo wa utulivu, bila mzigo mwingine, na huko wajaze tena mpaka alama ileile. Pikipiki ndogo ya cc 100 au 125 iliyo nzima, hata ikiwa imebeba watu wawili, haipaswi kupita sana lita mbili kwa safari hiyo. Ikiwa imekula tatu au nne, wanaporudi wapitie kwa fundi mvumilivu, jeti na chujio vitazamwe na kibovu kibadilishwe, halafu njia ileile ipimwe mara ya pili. Lita za safari zote mbili ziandikwe katika daftari la kigango, pamoja na tarehe, na chini yake wote wawili watie sahihi.