Likizo ya Mjomba

Mtu wa kwetu Nanganga akisema anakwenda likizo, maana yake anakwenda kufanya kazi nyingine. Mimi nimefanya hivyo kwa miaka mingi. Nashuka pale njia panda, barabara ya Ruangwa inapoachana na ile ya Masasi, na kabla sijanywa maji naambiwa nani amefariki, paa la nani linavuja na shauri la nani linanisubiri. Siku ya kurudi kazini nakuwa nimechoka kuliko nilivyokuja.

Safari hii nikavunja desturi. Ilikuwa mwezi wa Septemba, mikorosho imekwisha pulizwa salfa na korosho hazijaanza kudondoka. Nikamwambia mjomba wangu, mzee wa miaka sabini na ushei, twende Kilwa Kisiwani tukapumzike. Akaniuliza, "Kupumzika nako kuna nauli?"

Nauli nikalipa. Tukapita Lindi, tukafika Nangurukuru, tukalala Kilwa Masoko. Asubuhi tukakata kibali, tukaingia mashuani. Kutoka kwetu hadi baharini ni mwendo wa saa chache tu kwa basi, lakini mjomba hakuwa amepanda chombo hata siku moja. Alishika ubao kwa mikono miwili mpaka tulipogusa mchanga.

Basi, tulikula raha. Madafu, samaki wa kuchoma, na upepo ambao huku mjini tunaununua kwa bili ya umeme. Tuliuona Msikiti Mkuu, kisha tukatembea polepole hadi Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14 lenye vyumba zaidi ya 100. Ndani yake lipo birika la pembe nane, juu ya genge linalotazama bahari. Mjomba akalizunguka, akasema huyu sultani likizo aliijua. Naam, dhahabu ya Sofala ilikuwa ikipitia mikononi mwake, na Ibn Battuta aliyefika hapa mwaka 1331 aliusifu mji huu kwa uzuri.

Baada ya chakula tukatandika mkeka chini ya mwembe. Nililala kama mtoto. Nilipoamka, mjomba alikuwa ameketi kando, viatu miguuni, uso ameuelekeza bara.

"Mjomba, mbona hukupumzika?"

"Bibi yangu alikuwa akituambia, aliyepelekwa pwani harudi. Sasa wewe umenileta pwani, tena unataka nifumbe macho."

Nilikuwa na la kusema, nikasita, kisha nikasema. Mwaka 1776 Sultani wa Kilwa alifanya mkataba na Mfaransa mmoja, Morice, wa kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka. Wengi walisafirishwa hadi kisiwa ambacho siku hizo Wafaransa walikiita Île de France, nacho ndicho Mauritius ya leo. Karne iliyofuata misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilikuwa ikiishia Kilwa Kivinje, kaskazini kidogo ya hapo tulipokaa, ikiwa imekatiza nchi yetu ya kusini. Bibi hakuwa akitisha watoto bure.

Mjomba akanyamaza, halafu akauliza, "Na hicho kisiwa cha Wafaransa, sasa kuna nini?"

"Kuna mahoteli, Mjomba. Watu wanatoka Ulaya kwenda kulala ufukweni."

Akacheka mpaka wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu wakageuka. (Wao, kwa taarifa yenu, hawakuwa likizo.) Mimi sikuona kichekesho. Picha za matangazo ya visiwa nimeziona nyingi: mnazi umeinama, kiti kitupu, hakuna mtu. Nilizoea kudhani ni uvivu wa mpiga picha.

Alasiri mjomba akavua viatu mwenyewe. Akakunja suruali, akaingia majini hadi magotini, akasimama kitambo kirefu bila kusema neno. Nahodha alituita mara tatu. Wakati wa kuvuka kurudi, ubao aliushika kwa mkono mmoja.

Tuliposhuka Nanganga siku ya pili yake, jirani wa kwanza kutuona akatuamkia, akatupa pole, akauliza msiba ulikuwa wa nani.

"Wa zamani," mjomba akamjibu, akajitwika mkeka wake.