Megawati Zinahesabiwa, Moshi Je?

(Mazungumzo mbele ya Waafrika Mashariki wa eneo la Washington, D.C.)

 

Nimeombwa niseme machache juu ya umeme wa makaa ya mawe. Mimi ni muuguzi, si mhandisi, kwa hiyo nitaanzia kwenye mapafu. Makaa yakiungua hutoa gesi za salfa na naitrojeni, pamoja na chembe laini sana za vumbi. Chembe zenye upana chini ya maikromita 2.5 pua haizizuii. Zinashuka hadi kwenye vifuko vya hewa, na nyingine huingia kwenye damu. Mwenye pumu anabanwa kifua, mwenye moyo dhaifu anaongezewa mzigo.

Mfano upo hapa hapa. Alexandria, kando ya mto Potomac, mwaka 1949 uliwashwa mtambo wa makaa ambao uwezo wake ulifikia megawati 482. Ulikuwa Virginia, lakini waliouhitaji zaidi walikuwa ng'ambo ya mto, Washington. Dohani zake zilikuwa fupi kwa sababu uwanja wa ndege uko karibu, hivyo moshi uliwashukia majirani, wakiwemo wakazi wa ghorofa refu lililo pembeni.

Tupige hesabu. Megawati-saa moja ya umeme wa makaa hutoa takribani tani moja ya hewa ya ukaa. Mtambo ule ukifanya kazi kwa nguvu zote saa 24, ni zaidi ya tani 10,000 kwa siku. Umeme unaletewa ankara, moshi hauletewi.

Wakazi hawakunyamaza, walidai moshi upimwe. Agosti 2005 mtambo ulizimwa, baada ya hesabu za kitaalamu kuonyesha kwamba uchafu wake unavuka viwango vya afya. Desemba mwaka huo huo wizara ya nishati ya Marekani ikaamuru uwashwe tena, kwa hofu ya mji mkuu kuingia gizani. Hofu ile ilikuwa na msingi, ila haikugeuzwa kuwa kisingizio. Mwaka 2007 njia mpya za umeme zilikamilika. Mwaka 2008 kampuni ilikubali kutenga dola milioni 34 kupunguza uchafu. Tarehe 1 Oktoba 2012 mtambo ukafungwa kabisa, na Washington haikuingia gizani.

Sasa twende kwetu pwani. Huko Kwasasi, Lamu, ulipangwa mtambo wa makaa wa megawati 1,050, wakati mahitaji ya juu kabisa ya Kenya nzima yalikuwa bado chini ya megawati 2,000. Mji mkongwe wa Lamu ni urithi wa dunia tangu 2001, na watu wake wanategemea uvuvi. Tarehe 26 Juni 2019, mahakama maalumu ya mazingira ilifuta leseni ya mradi. Sababu mojawapo kubwa: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Mtu ataniuliza: "Dada, wewe huko taa hazizimiki, mbona unatuzuia sisi?" Ni swali la haki. Wodi bila umeme ni hatari: oksijeni, mtoto njiti, jokofu la chanjo. Sisemi watu wetu wakae gizani. Nasema kabla ya saini tuulize: umeme unakwenda kwa nani, moshi unamwangukia nani, na nani atapima? Alexandria walipima mtambo ukiwa na zaidi ya miaka 50. Lamu waliuliza kabla ya tofali la kwanza, na hilo ni jambo la kujivunia.

Ombi langu kwenu ni moja. Ripoti za athari kwa mazingira mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza, mamia ya kurasa. Humu ndani wamo wahandisi, wanasheria na wauguzi. Ukija mradi mwingine, tugawane kurasa, tuzisome, tuziandike kwa Kiswahili kinachoeleweka, ziwafikie wavuvi kabla ya siku ya kusikilizwa na si baada yake. Mchango huo hauhitaji kutuma hata dola moja.