Ubora wa Maelezo ya Zana za Kuchora Histogramu kwa Mawakala wa Akili Mnemba: Mfano wa Unyevu wa Korosho

Mada kwa semina ya makarani wa vyama vya msingi na maofisa ushirika, Newala

1.0 Utangulizi

Nimeombwa nieleze namna programu za akili mnemba zinavyoweza kutuchorea takwimu za msimu. Yaliyomo humu ni maoni ya mtoa mada. Si msimamo wa taasisi yoyote, wala si agizo kuhusu upimaji wa korosho ghalani.

2.0 Maana ya istilahi

Histogramu ni mchoro wa nguzo unaoonyesha ni vipimo vingapi vimeangukia katika kila kundi la thamani. Jina hilo tumelirithi kwa mwanatakwimu Karl Pearson, tangu mwishoni mwa karne ya 19. Wakala wa akili mnemba ni programu inayopokea kazi kwa lugha ya kawaida, kisha ikaita zana nyingine ziifanye. Katika itifaki ya MCP, iliyotangazwa na kampuni ya Anthropic Novemba 2024, zana hutambulishwa kwa wakala kwa jina, maelezo na orodha ya vigezo. Haya wengi wenu mnayajua.

3.0 Tatizo: mpaka wa kundi

Hapa naomba subira yenu, maana suala hili nimelisemea kwa miaka mingi, tangu enzi za programu za kawaida, na bado linarudi.

Korosho inatakiwa iingie ghalani ikiwa na unyevu usiozidi asilimia 10. Tuchukulie tuna vipimo 100, na 20 kati yake vimeandikwa 10 kamili, kwa kuwa karani amekadiria kwa namba nzima. Tunataka makundi matatu: 6 hadi 8, 8 hadi 10, na 10 hadi 12. Je, vile 20 viende wapi?

Maktaba ya NumPy, inayotumiwa sana na waandishi wa zana hizi, huviweka kundi la tatu, kwa kuwa kila kundi hujumuisha mpaka wake wa chini, na la mwisho tu ndilo linalojumuisha pia wa juu. Programu ya R, isipoelekezwa vingine, huviweka kundi la pili. Takwimu ni zilezile, michoro miwili. Mmoja unasema mzigo ni mkavu. Mwingine unaonyesha sehemu ya tano ya mzigo imesogea upande wa korosho mbichi. Mkulima asiye na kosa anaingizwa kwenye maswali.

Programu zote mbili zina kanuni, na zote zimeiandika. Kasoro inaingia pale mtu anapotengeneza zana ya wakala juu ya programu hizo, kisha akaandika sentensi moja tu: "Huchora histogramu ya takwimu." Karani akipata shaka atamuuliza mwenzake wa chumba cha pili. Wakala hana chumba cha pili. Hujaza pengo kwa kukisia, na hukisia kwa lugha ya kujiamini.

Yapo matatizo mengine mawili. Kwanza, NumPy ikipewa upeo wa 0 hadi 20, kipimo cha 9.5 kilichoandikwa 95 huachwa nje bila onyo. Pili, thamani zote zikilingana, hutanua upeo kwa nusu kila upande. Orodha yenye bei ya korosho ya shilingi 3,300 kwa kilo pekee, ile iliyotangazwa na serikali Novemba 2018, itatoa makundi kumi kati ya 3,299.5 na 3,300.5, tisa yakiwa matupu. Wakala asiyeelezwa hilo anaweza kuripoti kwamba bei ilipanda na kushuka.

4.0 Mapendekezo

Kwa heshima napendekeza:

(i) Maelezo ya zana yataje mpaka upi unajumuishwa katika kila kundi.
(ii) Yataje idadi ya makundi zana isipoelekezwa: NumPy hutumia 10, R hufuata kanuni ya Sturges ya mwaka 1926.
(iii) Zana irudishe idadi ya vipimo vilivyoachwa, pamoja na mchoro.
(iv) Kizio cha thamani (asilimia, kilo, shilingi) kiwe kigezo cha lazima.
(v) Maelezo yawe na mfano mmoja wenye thamani iliyo kwenye mpaka kabisa.
(vi) Maelezo yaseme zana inafanya nini pale thamani zote zinapolingana.
(vii) Makarani waandike unyevu kwa desimali moja, wasikadirie.
(viii) Jumla ya nguzo ilinganishwe na idadi ya mistari ya daftari kabla mchoro haujapelekwa mkutanoni.
(ix) Mchoro usiotaja mipaka ya makundi usitumike kukataa mzigo wa mkulima.
(x) Kwa msisitizo, pendekezo la (i) litekelezwe kwanza.

5.0 Hitimisho

Mengi ya mapendekezo haya hayahitaji bajeti. La kwanza linahitaji sentensi moja kutoka kwa mwandishi wa zana. Mpaka itakapoandikwa, naishauri semina hii iazimie kwamba mchoro wa wakala uambatane na daftari la vipimo, na vikitofautiana, daftari ndilo lifuatwe.